Mzee Wafula Alipokataa Kuniita Mgeni

Ndugu zangu wa Makambako, mimi Festo hakuna kitu cha kunishangaza tena hapa duniani. Nimeona lori likiwaka moto na mimi niko juu ya mzigo. Nimelala Kipsongo kwenye kibanda cha maboksi, mvua ya Kitale ikinichapa mgongoni, na leo nina karakana yangu mwenyewe, mashine nne za kupukuchua mahindi, pikapu isiyodaiwa hata senti, na wenye mashamba makubwa wananisubiri msimu wa mavuno kama wanavyosubiri jua. Darasa la tano ndilo lilikuwa chuo kikuu changu. Kwa hiyo asubuhi ile nilipotoka Kitale kwenda Bungoma kutafuta kiapo kimoja tu cha kukamilisha ukaazi wangu wa kudumu, nilimwambia mke wangu Atu aniwekee ugali wa jioni. Nilijua nakwenda na kurudi.

Sababu ya safari yenyewe ni hii. Miaka yote hii mnayonisikia niko Kenya, nimekaa kwa kibali cha kazi. Kibali ni kitu kizuri, sikidharau, kimenilisha. Lakini kina tarehe ya mwisho, na kila tarehe ile ikikaribia Atu hulala macho wazi akinisikiliza ninavyokoroma. Safari hii nikasema basi, naomba ukaazi wa kudumu, nikae kama mtu aliyefika. Jamaa wa saiba pale mjini alinijazia maombi kwenye kompyuta. Kodi yangu safi, cheti cha polisi safi, kila kitu kikaitikia, isipokuwa kimoja. Pasipoti yangu ya kwanza, ile yenye muhuri wa siku niliyoingia, ililiwa na mchwa ndani ya sanduku. Nilipofungua nilikuta unga.

Afisa aliyeshika faili langu, mama mmoja wa sauti ya upole, alinipigia simu.

"Bwana Festo, nitafutie kiapo cha mtu aliyekupokea ulipoingia nchini. Aeleze mbele ya wakili ulitoka wapi na ulikuja lini. Kikinifikia kabla ya kibali chako kuisha, faili inaendelea. Kikichelewa, itabidi utoke, uanze upya ukiwa kwenu."

Kibali kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi huo. Kuanza upya nikiwa Makambako maana yake ni karakana kufungwa, watoto kutolewa shule, mashine kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Na mtu aliyenipokea ni mmoja tu: Mzee Wafula, mkulima wa kijiji kimoja pale karibu na Chwele. Nikaona kazi imekwisha. Mzee ananipenda kama jicho lake.

Kitale, saa moja asubuhi. Nilipita kwa makusudi kando ya Kipsongo, ingawa si njia yangu. Vibanda bado vipo, moshi bado unatambaa chini kwa chini kabla jua halijautawanya. Ninyi mlionicheka nilipoondoka, acheni niwaambie nilivyofika. Nilikuja nikiwa utingo wa lori la vitunguu. Lori likafia Kitale, mwenye lori akaliuza vipande vipande, akapotea na hela, akaniachia turubai. Turubai lile ndilo lilikuwa nyumba yangu ya kwanza Kenya. Mama mmoja muuza uji alinikopesha kikombe cha kwanza bila kuniuliza kabila. Nilipunguza mwendo nikatazama mahali alipokuwa akikaa. Sasa pana kijana anachaji simu za watu. Sikushuka. Ningeshuka ningelia, na mwanaume mwenye pikapu halii saa moja asubuhi.

Nje ya mji mashamba yanaanza, na mlima Elgon unakaa upande wa kulia kama mtu aliyeketi na blanketi mabegani. Baridi ya pale ni baridi ya kwetu kabisa. Ukifumba macho ukanusa udongo wenye umande na majani ya mahindi, uko Makambako. Ndiyo iliyonifanya nisirudi mapema, nawaambia ukweli. Nilikuwa nakumbuka nyumbani kila asubuhi, na kila asubuhi nyumbani palikuwa pale mbele ya pua yangu.

Kimilili nilisimama kununua mkate, sukari na majani ya chai. Huendi kwa wakubwa mikono mitupu. Muuzaji akanitazama akasema, "Wewe si ule Mtanzania wa mashine? Ile yako ilipukuchulia baba yangu, hakuna punje ilivunjika." Nikamwambia jina langu lote ili asilisahau. Enzi zile hapo Kimilili nilikuwa napita kwa miguu nikisukuma mashine ya watu kwa mkokoteni, matope yakifika magotini, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Chwele ilikuwa siku ya soko. Ng'ombe, vitunguu, kuku waliofungwa miguu kwenye bodaboda, watu wanaopigana bei kama wana ugomvi wa shamba halafu wanacheka. Nekesa, binti wa Mzee Wafula, ana meza yake ya vitunguu na nyanya karibu na geti. Nilipofika pale kwa mara ya kwanza alikuwa msichana wa shule. Sasa ni mama wa watu wazima na ulimi wake umeota meno.

"Ati nani huyu? Tajiri ya Kitale!" akapiga kelele soko zima lisikie. "Si ulisema utakuja Krismasi? Krismasi ya mwaka gani, Wekesa?"

Wekesa ndilo jina walilonipa. Kwao ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mavuno. Mimi nilikuja na mavuno. Nilikuwa nimefuata mashine ya kupukuchua kutoka Kitale kama kibarua, ikakwama katikati ya mahindi ya Mzee Wafula, mwenye mashine akaanza kuipiga mateke. Nikaomba spana. Ilipowaka, Mzee akasema, "Huyu abaki." Nikabaki miaka sita. Nililala kwenye simba ya mtoto wake mkubwa aliyekuwa ameenda kazi Nakuru. Simba ni kile kinyumba ambacho kijana wa Kibukusu hujengewa au hujijengea ndani ya boma akishatahiriwa. Humo ndimo nilimofikiria mashine yangu ya kwanza, nikaichora ukutani kwa mkaa.

Nikamweleza Nekesa habari za kiapo. Akafunga meza akapanda pikapu.

"Twende. Leo nataka kuona vile Baba atasema."

Sikuelewa alichomaanisha.

Nyumbani kwa Mzee tulikuta amekaa uani anachonga mpini wa jembe. Macho yamepungua, mikono bado ile ile.

"Mulembe, Papa," nikamsalimu.

"Mulembe, Wekesa. Umekonda. Kitale hawakupi chakula?"

Nimenenepa ndugu zangu, mshipi wangu unajua, lakini kwa mzazi mtoto hukonda tu. Mama Nekesa, mkewe Mzee, alikuwa ameshamkimbiza kuku. Tulipokula, firigisi ilienda kwa Mzee. Mgeni wa heshima ndiye angewekewa, nami niliikosa kwa furaha, kama ninavyoikosa siku zote pale. Nikamwambia shida yangu. Akafuta mikono, akavaa koti, akasema, "Kumbe ni kitu kidogo. Twende kwa huyo wakili."

Bungoma mjini, saa nane mchana. Wakili alikuwa mwanamke kijana, ofisi yake juu ya duka la mbegu. Alituketisha vizuri, akafungua kompyuta, akamgeukia Mzee.

"Haya Mzee, unamjua huyu bwana?"

"Simjui aje? Ni mtoto yangu. Wekesa. Wa tatu."

Wakili akaandika, kisha vidole vikasimama.

"Mtoto wako wa kumzaa?"

"Unazaa mtoto unamwacha nje? Alizaliwa hapo Chwele, wakati ya mahindi."

Nikamkanyaga Mzee mguu kidogo chini ya meza, akasema kwa sauti, "Kwa nini unanikanyaga?"

Wakili akavua miwani. "Bwana Festo, hapa kuna shida. Faili yako inasema wewe ni Mtanzania. Huyu mzee anaapa ulizaliwa Kenya. Nikipeleka hii, watauliza nani anadanganya. Na mtu aliyezaliwa hapa na baba Mkenya anaomba ukaazi wa nini?"

"Mzee amechanganya," nikasema.

"Sijachanganya," Mzee akasema. "Andika."

"Papa, mwambie tu nilitoka Tanzania. Mwambie mimi ni mgeni uliyenipokea."

Mzee akageuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, hata na yule mwenye lori.

"Niseme wewe ni mgeni? Mbele ya serikali?"

"Ndiyo, Papa. Ni karatasi tu."

Akasimama. Akachukua kofia. Akashuka ngazi peke yake, ameshika ukuta, akaenda kukaa kwenye pikapu. Wakili akaniambia taratibu, "Sitaandika kitu leo. Ongeeni nyumbani. Mkielewana mrudi, mlango uko wazi." Mimi ambaye hakuna kitu kinanishangaza nilibaki nimesimama katikati ya ofisi ya watu na mdomo wazi.

Tukarudi Chwele. Nekesa, aliyekuwa katikati yetu, ndiye aliyekuwa anahema kwa ajili yetu wote. Mlima ulikuwa umejifunika wingu. Nilikumbuka siku Mzee aliponichukua kwenda Bungoma kwa mara ya kwanza kuninunulia viatu. Tulitembea kwenda na kurudi sehemu kubwa ya njia, akanifundisha majina ya miti kwa Kibukusu, nami nikamfundisha kusema "kamwene", salamu ya kwetu, akawa anaitumia kwa ng'ombe.

Nyumbani, Mama Nekesa alipoona nyuso zetu alikwenda jikoni. Aliweka chai. Mzee ndiye aliyeanza, anamwambia mkewe lakini maneno yananilenga mimi.

"Anataka nimtoe. Mbele ya mtu anaandika. Kwetu baba akisema mbele ya watu, huyu si wangu, amemtoa. Huyo mtoto hata nikifa hawezi kusimama kwa kaburi na wenzake. Mimi nimtoe Wekesa kwa sababu ya karatasi?"

"Sikusema unitoe, Papa."

"Ulisema mgeni. Mgeni ni nani? Mgeni ni mtu anaenda kwao jioni."

Hapo Nekesa akaingia. Kama ningejua angesema nini ningemwacha sokoni.

"Na si yeye huenda jioni, Baba? Wekesa, usikasirike, nakuambia kama dada yako. Unakuja na mkate, unakunywa chai, unauliza habari za ng'ombe, unaangalia saa. Simba ulikuwa unalala ilianguka, umewahi uliza iko wapi? Nyumba yako hapa ni gani? Hata yule wa Nakuru, mlevi vile anakaa, ako na nyumba. Wewe tajiri ya mashine nne uko na nini hapa? Uko na kikombe."

Nilitaka kumjibu, nina majibu mengi, mnanijua. Nilitaka kumwambia nani alilipa hospitali, nani alinunua ng'ombe yule mwenye pembe moja anayetutazama sasa hivi. Lakini lile la kikombe lilikuwa kweli. Kilikuwa mkononi mwangu, cha bati, cha buluu, kile kile cha miaka ile.

Mama Nekesa akasema polepole, "Huyo mwanamke wa ofisi aliuliza kitu mbaya. Asikuulize kama ni mtoto wako, hiyo tunajua. Akuulize alikuja siku gani, na njia gani. Hiyo unaweza sema bila kumtoa mtu. Hata mimi mlinioa nikitoka Sirisia, na hakuna mtu husema mimi ni mgeni."

Mzee akawafukuza kuku waliokuwa wakipita katikati ya miguu yetu.

"Hiyo naweza," akasema. "Nitasema alikuja na mashine, alitoka Tanzania, watu wa huko walimzaa. Lakini si leo. Nikisema hivyo na hana nyumba hapa, nitakuwa nimemtoa tu. Ajenge kwanza. Akiwa na nyumba kwa boma yangu, hata nikisema alitoka mwezini, nani atamtoa?"

"Papa, kibali kinaisha mwisho wa mwezi!"

"Basi jenga haraka. Si wewe ni fundi?"

Chwele, siku zilizofuata. Nilimpigia simu Atu, nikamwambia ule ugali ampe paka. Akacheka, halafu akaniuliza swali moja tu, kama ile nyumba itakuwa na dirisha upande wa mlima. Nilidhani nitaita mafundi wangu wa Kitale waje na matofali na saruji waniwekee nyumba ya kuonyesha watu. Mzee akakataa. Simba hujengwa kwa mkono wa mwenyewe na wa majirani, hailetwi kwa gari. Nikanunua nguzo za mkaratusi kwa jirani, fito, misumari na mabati ya pale Chwele. Nikavua viatu.

Mimi nilikuwa na mikono, lakini ilikuwa imezoea vyuma. Siku ya kuchimba mashimo ya nguzo vijana wa jirani walinicheka hadi wakakaa chini. "Mdosi, hiyo si kisima!" Mzee alikaa na fimbo yake akionyesha mahali: mlango utazame wapi, nisizibe njia ya nyumba yake, nisiwe mbele ya mkubwa wangu. Hapo ndipo nilipojua nafasi yangu ilikuwapo siku zote. Kati ya nyumba ya yule wa Nakuru na ua wa ndizi palikuwa na kiwanja kitupu, kimefagiliwa. Nimepita hapo miaka na miaka nikidhani ni pa kuanikia mahindi.

Siku ya kukandika wanawake walikuja na ndoo zao kabla hata chai haijachemka. Udongo mwekundu ulirundikwa, maji yakamwagwa, tukaukanyaga kwa miguu watu kumi na zaidi, tunazunguka kama tunacheza ngoma. Wakaimba. Nikajikuta naimba cha kwetu, kile tunachoimba tukilima mashamba ya jirani kule Makambako, na wanawake wakakishika kiitikio bila kujua maana, wakakikosea kwa utamu kuliko sisi. Nekesa akanipaka tope shavuni. "Sasa unafanana na mtu ya hapa." Mama yangu mzazi alikufa nikiwa Kitale, sikuwahi kumzika, mnajua. Siku ile, tope likinikauka usoni, nilimsikia karibu kabisa, kama yuko nyuma ya ukuta anakanyaga na wengine.

Ilipokwisha, nikalala humo. Ni lazima mwenyewe awashe moto wa kwanza na alale. Kuta bado mbichi, moshi umejaa, bati linalia. Nililala kama mtoto.

Bungoma tena, kabla ya mwisho wa mwezi. Wakili alitukaribisha. Safari hii Mama Nekesa alikuja pia, amevaa kitambaa cha kanisani. Nilimwomba wakili amwulize Mzee tu alivyonipata. Akakubali.

Basi Mzee akasimulia. Nilidhani angesema maneno matatu. Alisema mashine ilikuwa ya rangi gani. Alisema nilikuwa nimevaa shati la nani, na kwamba nilikula ugali na bakuli zima la mboga bila kuinua kichwa. Alisema nilitoka Tanzania, mahali paitwapo Makambako, kwamba baba yangu alikuwa mchoma mkaa na mama yangu alijua kusuka ungo, mambo niliyomwambia tukiwa tunapalilia na nikadhani alikuwa hasikilizi. Alitaja mwaka, kwa sababu ulikuwa ule mwaka wa tohara ambao mdogo wa kiume wa Nekesa alitahiriwa. Wakili aliandika yote, akamsomea, akamwuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," Mzee akasema. "Na uandike nyumba yake iko kati ya ya kaka yake na ndizi."

"Hiyo haihitajiki, Mzee."

"Andika."

Akaandika. Mzee akaweka dole gumba lake, Mama akaweka la kwake chini yake, nami nikatazama dirishani kwa muda mrefu nikihesabu magunia ya mbegu ambayo hayakuwa na maana yoyote kwangu.

Kurudi Kitale, jioni. Niliwashusha Chwele, Mama akanifungia ndizi. Nilipoondoka Mzee hakuniambia karibu tena, kama anavyowaambia wageni. Aliniambia, "Mlango wako unalia, uje uurekebishe." Kiapo kilifika ofisini kwa wakati. Majuma kadhaa baadaye yule mama wa sauti ya upole alinipigia, "Hongera Bwana Festo, ukaazi wako umepita." Akacheka kidogo, akasema wakili wa Bungoma aliandika kitu kuhusu ndizi. Atu alilala usiku ule hadi jua likamkuta.

Nilichojifunza ni hiki, na ninawaandikia ninyi mlio nyumbani kwa sababu wengine mna watoto ugenini. Nilidhani mtu hukaa mahali kwa kupewa karatasi. Karatasi nimeiweka kwenye sanduku la chuma sasa, mchwa hawaipati, na ninaiheshimu. Lakini kuna watu waliokuwa wamenifagilia kiwanja miaka yote, nami nilikuwa napita juu yake nikiangalia saa. Atu ameshalala Chwele mara mbili. Dirisha linatazama mlima.

Watanzania wenzangu hapa Kitale wananiuliza ukaazi wa kudumu umenigharimu kiasi gani. Wanangoja nitaje ada za serikali, ambazo ziko wazi kwa kila mtu na nilizilipa kama wengine. Mimi nawatajia nguzo, fito, mabati, misumari, mlango, na chai ya waliokandika: shilingi elfu hamsini na tatu, mia sita na arobaini.